Picha za Mshtarii zinatoka na ukungu: tatizo ni kamera, lenzi au hewa?

Kioo150 anauliza:

Habari zenu, ndugu wapenzi wa anga. Ninayo darubini ya vioo ya muundo wa Newton, yenye kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, iliyokaa juu ya kitako cha Dobson kisicho na mota ya kuifuata sayari. Nikiitazama Mshtarii kwa jicho kupitia lenzi ya kutazamia ya milimita 10, naiona mikanda miwili ya kahawia bila taabu, na hewa ikitulia huonekana hata vijikunjo kwenye ukingo wa mmojawapo. Lakini nikiifunga simu kwenye adapta na kupiga picha, napata moja kati ya mambo mawili: ama sayari inakuwa doa jeupe linalong'aa lenye miezi minne pembeni, ama, nikipunguza mwanga, miezi inapotea na sayari inabaki duara la rangi ya maziwa lenye michirizi miwili iliyofifia.

Mwenzangu mmoja amenishauri ninunue lenzi ya Barlow ya mara tatu ili sayari ionekane kubwa zaidi. Mwingine anasema simu haifai kabisa, na kwamba bila mota nisijisumbue. Kabla sijatumia fedha ningependa kufahamu ni nini hasa kinachoizuia picha yangu isifikie hata kile ambacho jicho langu linakiona kwa darubini ileile. Nimeona picha za watu wenye darubini za kipenyo hikihiki zikionyesha Doa Jekundu Kubwa, vimbunga vidogo vyeupe na vivuli vya miezi juu ya mawingu. Je, wanatumia njia gani? Na je, kwa kitako kisicho na mota jambo hili linawezekana, au ni kujidanganya?

Hewa Tulivu anajibu:

Ndugu Kioo150, salaam. Karibu kila picha nzuri ya sayari uliyowahi kuiona kutoka kwa mpiga picha wa ridhaa imetokana na video. Mtu hurekodi maelfu ya fremu, yaani picha moja moja za video, ndani ya dakika mbili au tatu, kisha programu hupima ukali wa kila fremu, huzipanga kuanzia iliyo safi hadi iliyoharibika, huchukua sehemu bora na kuzirundika zote juu ya moja. Ukiielewa sababu ya kufanya hivyo, maswali yako mengine yatajibika kwa urahisi.

Mshtarii ikiwa karibu nasi huwa na upana wa takribani sekunde 45 za tao angani (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja), na hata katika miaka yake mizuri upana huo hufika karibu 50 tu, wakati Mwezi una takribani 1800. Kitu kidogo namna hiyo tunakitazama kupitia kilomita nyingi za hewa yenye matabaka ya joto tofauti, na kila tabaka linalopita mbele ya kioo chako huupindisha mwanga kidogo upande huu na kidogo upande ule. Fremu moja iliyopigwa kwa bahati inaweza kuangukia sekunde mbaya, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Jicho lako halina shida hiyo kwa sababu unakaa hapo dakika nzima, na ubongo unazishika zile nusu sekunde ambazo hewa ilitulia na kuyapuuza mengine. Programu kama AutoStakkert inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe haichoki wala haisahau.

Kurundika kuna faida ya pili ambayo wengi hawaitaji. Kila fremu ina chembechembe za kelele zinazotokana na kihisi (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) na uchache wa mwanga, na chembechembe hizo hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Ukirundika fremu 1600 nzuri, kelele inakuwa ndogo mara 40 kuliko ya fremu moja. Hapo ndipo unapopata nafasi ya kuinoa picha baadaye, yaani kuzidisha ukali wake kwa programu. Fremu moja ukiinoa kwa nguvu hiyo utapata mchanga mtupu.

Sasa, kabla ya kuigusa kamera, iangalie hewa iliyo karibu nawe, maana hiyo ndiyo unayoweza kuirekebisha. Kioo cha milimita 150 kilichotoka ndani ya nyumba kina joto kuliko hewa ya usiku, na joto hilo hupanda ndani ya bomba la darubini likitetemesha picha hata kama anga lenyewe limetulia kabisa. Iache darubini nje angalau dakika 45 hadi saa moja kabla ya kurekodi. Usiiweke mahali ambapo Mshtarii itaonekana juu ya paa la bati au sakafu ya saruji iliyoota jua mchana kutwa, kwa sababu vitu hivyo huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Nyasi ni bora zaidi. Namna ya kujua kosa liko wapi ni rahisi: itoe nyota angavu nje ya fokasi hadi iwe duara pana, kisha uitazame. Ukiona mawimbi yanakimbia upande mmoja kwa kasi, huo ni upepo wa juu, nawe huna la kufanya ila kusubiri usiku mwingine. Ukiona kitu kama moshi kinachojikunja polepole na kupanda, hilo ni joto la darubini yako mwenyewe au la mwili wako uliousimamisha karibu na mdomo wa bomba.

Duara hilohilo la nyota litakuonyesha pia kama vioo vyako vimelingana. Kivuli cha kioo kidogo kinapaswa kukaa katikati kabisa, na unapoikaribia fokasi viduara vyembamba vinapaswa kuzungukana bila kuegemea upande mmoja. Vikiegemea, zungusha skrubu za kioo kikuu kidogo kidogo, ukiirudisha nyota katikati ya uwanja kila baada ya kuzungusha. Darubini yako ina uwiano wa fokasi wa f/8, yaani urefu wa fokasi ni mara nane ya kipenyo, na hiyo ni heri kwako, kwa sababu yenye f/5 haisamehe hata kosa dogo. Watu hununua kamera mpya kwa sababu ya tatizo ambalo bisibisi ingelimaliza kwa dakika tano.

Na jambo la mwisho kwa leo: subiri sayari ipande. Ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nene mara mbili kuliko ule unaotoka utosini. Zaidi ya hayo, hewa hufanya kazi ya prizimu, ikiipandisha rangi ya buluu kuliko nyekundu, na hata sayari ikiwa kwenye nyuzi 45 umbali kati ya rangi hizo mbili hupita sekunde moja ya tao. Darubini yako inaweza kutenganisha vitu vilivyo umbali wa sekunde 0.77, kwa hiyo utaona kwamba prizimu hiyo peke yake inatosha kufuta ulichokuwa unakitafuta. Programu zinaweza kuzisogeza rangi tatu zikae pamoja, lakini ule mtawanyiko ulio ndani ya kila rangi unabaki palepale, na dawa yake ni kirekebishi cha prizimu mbili kinachowekwa mbele ya kamera. Mimi nisingekinunua mwanzoni. Ningesubiri muda wa saa mbili sayari ipande.

Hesabu Kwanza anajibu:

Nayaunga mkono aliyoyasema Hewa Tulivu, ila swali la Barlow halikujibiwa, nalo linajibika kwa hesabu ndogo.

Ukubwa wa sayari kwenye kihisi hupatikana hivi: chukua 206.265, zidisha kwa upana wa pikseli kwa mikroni (sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Unapata kila pikseli inachukua sekunde ngapi za tao. Kamera nyingi ndogo za sayari zina pikseli za mikroni 2.9, kwa mfano zile zenye kihisi cha IMX462. Ukiiweka kamera hiyo kwenye darubini yako bila lenzi yoyote ya kuongeza, kila pikseli inachukua takribani sekunde 0.5, na Mshtarii ya sekunde 45 inapata upana wa pikseli 90. Ukiongeza Barlow ya mara mbili, urefu wa fokasi unakuwa milimita 2400, kila pikseli inachukua sekunde 0.25, na sayari inafika pikseli 180. Hapo umefika mahali pazuri, kwa sababu kipande kidogo kabisa ambacho kioo chako kinaweza kukitenganisha kinapata pikseli tatu.

Wapiga picha wengi hutumia kanuni ya haraka inayosema uwiano wa fokasi uwe kama mara tano ya upana wa pikseli. Kwa mikroni 2.9 hiyo ni f/14.5, na darubini yako pamoja na Barlow ya mara mbili inatoa f/16. Barlow ya mara tatu ingekupeleka f/24. Sayari ingeonekana kubwa zaidi kwenye skrini, hilo ni kweli, lakini mwanga uleule ungetandazwa juu ya eneo kubwa mara 2.25, kwa hiyo ungelazimika kuongeza muda wa kila fremu au kuongeza ukuzaji wa ishara (kwenye kamera huandikwa gain), na usingepata hata doa moja jipya. Aliyekushauri ununue ya mara tatu alikuwa anaifikiria darubini fupi ya f/5. Kwake ingekuwa sawa.

Sasa tuipime simu yako, maana watu huihukumu bila kuipima. Lenzi ya simu ina urefu halisi wa fokasi wa milimita kama 5. Ukiiweka nyuma ya lenzi ya kutazamia ya milimita 10, urefu wa fokasi wa mfumo mzima unakuwa 1200 mara 5 gawanya kwa 10, yaani milimita 600. Kwa pikseli za mikroni 1.4, kila pikseli inachukua karibu sekunde 0.48, na hiyo si mbaya. Tatizo linaanza unapobonyeza video. Simu nyingi huchukua kihisi chote chenye pikseli 4000 kwa upana na kukibana hadi pikseli 1920, kwa hiyo nusu ya maelezo inatupwa kabla hujaona kitu, na Mshtarii yako inabaki na upana wa pikseli 45 hivi. Kisha simu inaibana video hiyo tena ili faili liwe dogo, na vijikunjo vya mawingu ndivyo vinavyotupwa kwanza.

Kwa hiyo, kama unabaki na simu kwa sasa, rekodi kwa 4K, tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fokasi na mwanga kwa mkono, na anza na ISO 100 na muda kati ya 1/125 na 1/250 ya sekunde. Lile doa jeupe linatokana na simu yenyewe: inaona eneo kubwa jeusi, inadhani kuna giza, na inaongeza mwanga hadi sayari inaungua. Ukiufunga mwanga mwenyewe, mikanda itatokea usiku huohuo.

Fremu Elfu anajibu:

Naomba nitofautiane kidogo na ndugu Hesabu Kwanza kuhusu kanuni ya mara tano. Kanuni hiyo inafaa usiku ambao hewa ni nzuri sana. Usiku wa kawaida, ambao ndio tulio nao mara nyingi, mara tatu au nne inatosha, na fremu zenye mwanga zaidi na muda mfupi zaidi hutoa picha bora kuliko sayari kubwa yenye giza. Kwa darubini hii tofauti hiyo haitabadilisha ununuzi, kwani Barlow ya mara mbili ndiyo inayofaa kwa vyovyote vile. Nasema tu ili asije akaongeza umbali kati ya Barlow na kamera akidhani anapata faida. Umbali ukiongezeka, Barlow ya mara mbili hugeuka kuwa ya mara mbili na nusu au zaidi bila yeye kujua.

Kuhusu mota, yule aliyekuambia usijisumbue amekosea. Anga linasogea kwa sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Kihisi cha IMX462 kina pikseli 1936 kwa upana, na kwa sekunde 0.25 kwa pikseli unapata uwanja wa sekunde 484. Gawanya kwa 15: sayari inachukua sekunde 32 za saa kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Unachofanya ni kuisogeza darubini mbele kidogo ya sayari, kuiachia, kusubiri mtikisiko utulie, na kurekodi sayari ikijipitisha yenyewe. Rudia mara kadhaa. Baadaye programu ya PIPP itaitafuta sayari katika kila fremu, itaikata na kuiweka katikati, na kuviunganisha vipande vyote kuwa video moja. Zungusha kamera kabla ya kuanza ili sayari ipite sambamba na upande mrefu wa kihisi, la sivyo utapoteza sekunde nyingi.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni muda wa fremu. Kwa milisekunde 10, sayari inasogea sekunde 0.15 tu za tao ndani ya fremu moja, na huwezi kuuona mkwaruzo huo. Kwa milisekunde 30 inasogea 0.45, na hapo umeanza kula ubora wa kioo chako. Mshtarii itakubali milisekunde 10 kwa f/16 ukiongeza ukuzaji wa ishara hadi histogramu (mchoro wa viwango vya mwanga vya picha) ifike karibu asilimia 60 au 70. Zohali itakusumbua, kwa sababu iko mbali na Jua karibu mara mbili ya Mshtarii na uso wake unapokea mwanga pungufu kwa zaidi ya mara tatu. Kwake, vumilia kelele zaidi na ubaki chini ya milisekunde 20, kisha uzirundike fremu nyingi zaidi.

La pili ni kompyuta. Mwenye mota huchagua kijisehemu kidogo tu cha kihisi, tuseme 640 kwa 480, na akirekodi fremu 100 kwa sekunde kwa dakika mbili anapata faili la video ghafi (SER) la takribani gigabaiti 3.7. Wewe unahitaji kihisi chote, na kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni karibu megabaiti 127 kila sekunde. Diski ya kizamani inayozunguka itaanza kuziangusha fremu. Tumia SSD (diski isiyozunguka) na waya wa USB 3.0.

Kuhusu muda wa jumla, Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi, kasi kuliko sayari nyingine yoyote. Pale inapokuwa karibu nasi, katikati ya uso wake mawingu husogea takribani robo sekunde ya tao kwa dakika. Kwa kipenyo chako, dakika tatu ndiyo mpaka. Ukizidisha, vimbunga vidogo vinageuka michirizi. Programu ya WinJUPOS inaweza kuurudisha nyuma mzunguko huo na kuunganisha video kadhaa, lakini hilo ni somo la baadaye.

Kioo150:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeviweka vioo sawa kwa njia ya nyota, nimeazima kamera yenye pikseli za mikroni 2.9 pamoja na Barlow ya mara mbili, na nimeiacha sayari ijipitishe kama nilivyoelekezwa. Doa Jekundu Kubwa limeonekana, na siamini macho yangu. Sasa nimebaki na maswali matatu. Nikinoa kwa weveleti (vidhibiti vinavyonoa vipande vya ukubwa tofauti, kila ukubwa kwa tabaka lake) kwenye programu ya RegiStax, ukingo wa Mshtarii upande unaong'aa unapata utepe mweupe na mstari mweusi ndani yake. Je, hilo ni tabaka la ukungu wa sayari? Kwenye Zohali nimepata mstari mwembamba mweusi karibu na ukingo wa nje wa pete. Je, nimelinasa Pengo la Encke, ule mwanya mwembamba ndani ya pete ya nje? Na je, nitaionyeshaje miezi pamoja na mikanda katika picha moja?

Hewa Tulivu:

Hongera sana. Nitajibu mawili ya kwanza kwa pamoja, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja.

Huo utepe haumo kwenye Mshtarii. Mahali popote ambapo mwanga mkali unakutana ghafla na giza, mwanga unaopita katika darubini huacha viduara hafifu, na kunoa kwa nguvu huvikuza hadi vionekane kama kitu halisi. Kwenye Mirihi jambo hili ni baya zaidi, kwa sababu ukingo wake ni mkali sana, na wapiga picha wengi wameona upinde ndani ya ukingo wakadhani ni mawingu ya asubuhi ya sayari hiyo. Kipimo changu ni hiki: rekodi video nyingine baada ya dakika kumi, ichakate kwa mipangilio ileile, na uangalie ni kitu gani kimesogea pamoja na mzunguko wa sayari. Kimbunga kitasogea. Utepe utabaki umeshikamana na ukingo.

Kwa Zohali, tufanye hesabu. Pengo la Cassini, mwanya mkubwa unaotenganisha pete mbili angavu, lina upana wa takribani kilomita 4800, na Zohali ikiwa karibu nasi upana huo ni kama sekunde 0.8 za tao kwenye ncha za pete, sawasawa na uwezo wa kioo chako. Ndiyo maana unaliona vizuri kwenye ncha tu na linapotea mbele ya sayari. Pengo la Encke lina upana wa kilomita 325. Hiyo ni kama sekunde 0.05. Mstari mweusi wa kweli ungehitaji kioo kikubwa kuliko chako mara nyingi, au hali ya hewa ya kipekee na mtu mwenye uzoefu mkubwa. Isitoshe, Dunia iliuvuka ubapa wa pete mwezi Machi 2025, yaani tulizitazama kwa ubavu, na tangu hapo pete zinafunguka taratibu, kwa hiyo katika kipindi hiki tunaziona kwa mlalo mkali unaobana kila kitu. Huo mstari wako umezaliwa ndani ya kompyuta.

Rudisha weveleti nyuma. Tabaka la kwanza kabisa, lile la vipande vidogo, ndilo linaloleta mchanga. Anza na la pili na la tatu, pandisha hadi uone kitu, kisha ushushe kidogo. Asilimia ya fremu za kurundika isikushughulishe mno: usiku mbaya chukua asilimia 10, usiku mzuri hata 40 zitafaa. Fungua picha iliyorundikwa bila kunolewa uiweke kando ya iliyonolewa, na chochote kilichomo kwenye ya pili ambacho huwezi kukiona hata kwa kivuli kwenye ya kwanza, kitilie shaka.

Hesabu Kwanza:

Kuhusu miezi, hakuna muda mmoja utakaoitosheleza pande zote mbili, maana tofauti ya mwanga ni kubwa mno. Rekodi video mbili zinazofuatana haraka, moja kwa ajili ya uso wa sayari na nyingine yenye ukuzaji wa juu kwa ajili ya miezi, uzirundike kila moja peke yake, kisha uiweke sayari safi juu ya ile iliyoungua. Ukiitoa kwa watu, andika kwamba ni picha mbili zilizounganishwa. Kinachofurahisha zaidi, kwa maoni yangu, ni mwezi ukiwa mbele ya sayari. Ganymede, mwezi mkubwa kuliko yote ya Mshtarii, ina kipenyo cha kilomita 5268, na Mshtarii ikiwa karibu nasi hiyo ni kama sekunde 1.7 za tao, kwa hiyo kwa kamera hiyo utapata kiduara cha pikseli sita au saba, na kivuli chake ni cheusi hata fremu moja mbovu hukionyesha.

Kichujio Chekundu anajibu:

Nimefuatilia mazungumzo haya na naongeza mawili. Kamera yenye kihisi cha IMX462 inauona vizuri mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Bila kichujio kinachouzuia, rangi za Mshtarii zitaegemea upande wa ajabu na fokasi ya Barlow itakuwa legevu, kwani lenzi hailengi infraredi mahali pamoja na kijani. Kwa upande mwingine, hewa inayumba kidogo katika infraredi kuliko katika buluu, hivyo usiku mbaya unaweza kuweka kichujio kinachopitisha mwanga kuanzia nanomita 685 na kupata picha ya rangi moja ya Mwezi au Mirihi iliyo kali kuliko ile ya rangi kamili. Zuhura ni kinyume chake: kwa mwanga wa kawaida ni tufe jeupe lisilo na kitu, na mawingu yake hujitokeza katika urujuanimno. Ila kioo cha milimita 150 hakina mwanga wa kutosha kuchezea sana eneo hilo, na mimi nisingelianza nalo. Na ukiitafuta Zuhura au Utaridi Jua likiwa bado juu, simamisha darubini mahali ambapo ukuta unalificha Jua kabisa. Sekunde moja ya Jua ndani ya darubini isiyo na kichujio inapofusha jicho na kuunguza kihisi.

La pili ni kwamba uandike muda wa katikati ya kila video kwa saa za dunia, yaani UTC, na uifunge saa ya kompyuta kwenye mtandao kabla ya kuanza. Tarehe 19 Julai 2009 mpiga picha wa ridhaa wa Australia, Anthony Wesley, aliliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii ambalo halikuwapo hapo awali. Lilikuwa ni kovu la kitu kilichoigonga sayari, miaka 15 baada ya vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 kuigonga mwezi Julai 1994. Tarehe 3 Juni 2010 Wesley huyohuyo alirekodi mmweko mfupi kwenye mawingu ya Mshtarii, naye Christopher Go wa Ufilipino alikuwa ameurekodi kwenye video yake wakati uleule. Bila muda sahihi kwenye mafaili ya wote wawili, kulinganisha kungekuwa kugumu.

Kioo150:

Nimeelewa, na weveleti nimezishusha. Mstari wa pete umepotea pamoja na utepe. Swali moja dogo: diski yangu imejaa. Je, nizitunze video zote ghafi, au nibaki na picha zilizorundikwa tu?

Fremu Elfu:

Tunza picha zilizorundikwa kabla ya kunolewa, katika TIFF au PNG ya biti 16, maana utakapojifunza kunoa vizuri zaidi utataka kuzirudia. Video ghafi tunza zile za usiku bora tu. Lakini kabla ya kufuta video yoyote ya Mshtarii, ipitishe kwanza kwenye programu ya DeTeCt, ambayo hukagua fremu moja baada ya nyingine ikitafuta mmweko kama ule wa 2010. Mmweko wa aina hiyo hudumu sekunde chache tu, na kurundika huufuta kabisa, kwa kuwa fremu mia zilizouona huzama ndani ya elfu ambazo hazikuuona.